Jina kwenye Bamba: Mwongozo wa Kuwaenzi Wafadhili wa Chuo Kikuu

Kwenye meza ya fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, bamba la shaba hupitia mikono mingi kabla ya kwenda ukutani. Kwanza hukatwa, kisha hupigwa msasa hadi ling'ae, halafu herufi huchongwa na kujazwa rangi nyeusi. Rangi ikikauka, fundi husugua tena kwa msasa laini, na kinachobaki cheusi ni maandishi peke yake. Mwisho hutoboa matundu manne ya skrubu. Kazi yote hutegemea karatasi moja aliyoletewa na mteja, au siku hizi ujumbe wa WhatsApp, na humo ndimo makosa yanamoanzia. Jina la kiongozi atakayefungua jengo limekaa katikati kwa herufi kubwa. Chini yake ni tarehe. Aliyetoa fedha, kama amekumbukwa, yuko mstari wa mwisho kwa herufi ndogo, na pengine jina la baba yake limekosewa. Fundi hana la kufanya. Anachonga alichoandikiwa.

Mwongozo huu ni wa yule anayeiandika karatasi. Huenda msomaji ni karani katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wafadhili, au ni mwenyekiti wa chama cha wahitimu, au ni mkaazi wa Kariobangi South aliyeingizwa kwenye kamati ya hazina ya karo kwa sababu ndiye aliyesoma zaidi kwenye ploti. Kazi yake inazidi kuwa nzito. Tangu serikali ilipotangaza mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 2023, wazazi wa Eastlands wamezoea kuzungumza juu ya bendi za ufadhili, mikopo na basari kama wanavyozungumza juu ya bei ya unga. Vyuo navyo vinabisha hodi kwa makampuni na watu binafsi. Anayetoa mara ya kwanza hutoa kwa huruma, kwa uzalendo au kwa kumkumbuka mtu wake. Kama atatoa tena, hilo hutegemea sana jinsi alivyoshukuriwa.

Anza na daftari

Kabla ya jengo kupewa jina, kabla ya chakula cha jioni na picha za magazeti, chuo kinahitaji daftari la waliotoa. Mara nyingi kumbukumbu hizi hukaa vichwani mwa watu wawili watatu, nao wakistaafu huondoka nazo. Miaka kumi baadaye hakuna anayejua ni nani aliyelipia madawati ya ukumbi fulani, wala alitaka nini.

Andika tarehe, kiasi, kusudi la mchango na masharti yaliyoambatana nao. Andika pia jina jinsi mwenyewe anavyotaka liitwe, na hapa usikisie. Huko Kariobangi mama anaweza kuishi miaka thelathini akijulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, na jirani wa mlango wa pili asijue jina lililo kwenye kitambulisho chake. Mwingine atataka jina la kitambulisho litumike ili wajukuu walitambue. Mwingine atasema jina lisiwe lake kabisa, liwe la mumewe aliyefariki. Muulize. Wapo pia wasiotaka kutajwa kamwe, kwa kuwa wametoa sadaka na hawataki mkono wa kushoto ujue. Hao waandikwe daftarini kwa siri, na siri hiyo itunzwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki juu ya taarifa zake binafsi, kwa hiyo idhini ya kutangaza jina na picha ipatikane kwa maandishi.

Jambo moja la kujifunza kutoka mtaani ni jinsi harambee inavyosoma majina. Iwe ni kwenye ukumbi wa kanisa au chini ya tenti uwanjani, msemaji hutaja jina na kiasi, watu wakapiga makofi, na aliyetoa mia mbili husikika kwa sauti ileile iliyomtaja aliyetoa elfu hamsini. Hiyo ni heshima kongwe ya mfadhili nchini Kenya, na haigharimu kitu. Vyuo vikuu vimeiacha haraka mno. Ripoti ya mwaka ya chuo ikiorodhesha wakubwa peke yao, mwalimu wa shule ya msingi aliyetuma elfu mbili kila Desemba kwa miaka minane haonekani popote, ilhali huyo ndiye mfadhili mwaminifu kuliko wote.

Na si kana kwamba wadogo hawajawahi kujenga chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri kilianza mwaka 1972 kama mradi wa harambee wa wananchi wa wilaya hiyo, wakulima wa kahawa wakiwemo. Kilibeba jina la shujaa wa vita vya uhuru, si la mtoaji yeyote. Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME ilianzishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora, serikali ya kikoloni na tajiri wa Zanzibar, Sheikh Khamis Mohamed bin Juma. Mwaka 1972 ikageuzwa kuwa Mombasa Polytechnic, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majina ya waanzilishi hayamo katika jina la chuo. Mahali pake basi ni katika historia inayosomwa kwa kila mwanafunzi mpya siku ya kwanza. Kusoma majina matano huchukua dakika moja.

Wakiwa wengi, wachague jina moja

Mfano ulio karibu zaidi na Kariobangi, mwendo wa matatu moja hadi katikati ya jiji, ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Unastahili kuangaliwa kwa utulivu kwa sababu ndani yake mna karibu kila swali ambalo kamati ya leo itakutana nalo.

Mwaka 1951 mradi wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ulipata hati ya kifalme ya kuanzisha Royal Technical College jijini Nairobi. Wakati huohuo jamii ya Waasia wa Afrika Mashariki ilikuwa ikijipanga kujenga chuo cha sanaa, sayansi na biashara kiwe ukumbusho ulio hai wa Mahatma Gandhi, aliyeuawa Januari 1948. Vyuo viwili katika mji mmoja, kila kimoja na fedha zisizotosha. Chama cha Gandhi Memorial Academy kilikubali kuunganisha nguvu na mradi wa serikali, na muungano huo ukakamilika Aprili 1954. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956. Mwaka huohuo sanamu ya Gandhi ilizinduliwa katika uwanja wa chuo na Sarvepalli Radhakrishnan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais wa India. Jina la Gandhi likabaki kwenye sehemu ya majengo na baadaye kwenye maktaba ya wanafunzi wa shahada za juu.

Angalia walichofanya watoaji wale. Walikuwa wengi, wenye maduka, mawakili, makarani na mafundi, na hawakugombania mabamba. Walichagua jina moja lililowawakilisha wote, wakalijadili kabla fedha hazijaunganishwa, na wakahakikisha lina mahali pa kudumu. Kwa hazina ya karo inayochangiwa na watu mia nne, hiyo ndiyo njia bora: jina moja ukutani, majina mia nne kitabuni, na kitabu chenyewe kiwekwe maktabani ambako mtu yeyote anaweza kukifungua.

Andikianeni kabla ya kupeana mkono

Wakati wa kupanga heshima ni kabla hundi haijaingia benki. Baada ya hapo kila upande unaona haya kuuliza, na haya hiyo huzaa manung'uniko. Chuo kiandike makubaliano mafupi, kurasa mbili zinatosha, yanayosema jina litakaa wapi na kwa muda gani. Je, ni la milele, au ni la maisha ya jengo? Jengo likibomolewa miaka arobaini ijayo, jina linahamia wapi? Likikarabatiwa kwa fedha za mtu mwingine, majina yatakaaje? Ahadi ikitolewa kwa awamu na mtoaji akaishia awamu ya pili, bamba litawekwa au litasubiri? Nani atalipia rangi na taa baada ya miaka kumi? Nani anaweza kuliondoa jina, kwa sababu zipi, na mfadhili au familia yake itasikilizwa na nani kabla ya uamuzi?

Maswali haya humpa mfadhili imani. Mfanyabiashara anayejua kazi yake hashangai kuulizwa, anashangaa asipoulizwa.

Mweleze pia mambo ya kodi bila kuzungukazunguka. Kwa sheria ya Kenya, mchango wa fedha kwa taasisi ya hisani yenye msamaha wa kodi unaotambuliwa unaweza kuondolewa katika mapato ya mtoaji yanayotozwa kodi, mradi masharti yametimizwa. Risiti sahihi iliyotoka kwa wakati ni heshima pia, na kwa wafadhili wengi ndiyo ya kwanza wanayoikagua.

Heshima ilingane na zawadi

Jengo si jibu la kila mchango. Mara nyingine halifai hata kidogo, kwa kuwa chuo kimejaa majengo yasiyo na vitabu wala walimu.

Mkaazi wa Kariobangi akipanda gari la Outering hadi Thika Road, jina la Chandaria litampokea mara kadhaa. USIU-Africa ina shule ya biashara yenye jina hilo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo, kina kituo cha Chandaria cha kulea biashara changa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina ukumbi wa Chandaria kwenye mnara wake wa katikati ya jiji. Manu Chandaria anatoka katika familia ya wenye viwanda, vikiwemo vya sufuria na mabati, vitu ambavyo havikosekani katika nyumba yoyote ya Eastlands. USIU ilimpa pia kiti cha chansela. Jina lake limekaa vizuri kwa sababu liko mahali panapohusiana na maisha yake: biashara inafundishwa pale, na biashara ndiyo aliyoifanya. Jina la mwenye viwanda kwenye shule ya biashara humfundisha mwanafunzi kitu hata kabla hajaingia darasani.

Kigoda cha uprofesa ni heshima nyingine, nayo hudumu kuliko saruji. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua neno hili kutokana na Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Kigoda kinapotegemea mfuko wa wakfu, hesabu yake iko hivi. Tuseme mtoaji ameweka shilingi milioni 10, na zinazaa asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 1. Chuo chenye busara hutumia laki sita au saba na kurudisha zilizobaki kwenye mfuko, ili bei za vitu zinapopanda mtaji usiliwe. Fedha asili haziguswi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wakfu wa nyumba, shamba au kisima umekuwa ukiendesha misikiti na madrasa kwa karne nyingi, na sharti la aliyeweka wakfu huheshimiwa hata baada ya yeye kuzikwa. Ofisi ya chuo inayotaka kuelewa wajibu wake kwa mfadhili ingeanzia hapo.

Tuzo nayo ina nguvu yake. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ikiunganisha kampuni ya Mabati Rolling Mills na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Miongoni mwa washindi wake wa awali ni mshairi wa Kizanzibari Mohammed Khelef Ghassani. Mabati ya kuezekea na ushairi! Watu wengi waliolisikia jina hilo mara ya kwanza walisimama kidogo, kisha wakalishika. Bamba la ukutani husomwa mara moja na kusahauliwa, lakini jina la tuzo hutajwa upya kila mara mshindi anapotangazwa, na hutajwa kwa furaha. Kwa mfadhili mwenye fedha za wastani, tuzo ya mwanafunzi bora wa uhandisi wa kike inaweza kumletea heshima zaidi kuliko kulipia robo ya jengo.

Shahada ya heshima ishikwe kwa uangalifu kuliko yote. Hutolewa na chuo kupitia seneti yake, na hutunukiwa mbele ya wahitimu waliokesha miaka minne. Ikigeuzwa risiti ya mchango, wahitimu hao ndio wanaonyang'anywa. Acha muda upite kati ya mchango na pendekezo. Pendekezo lichunguzwe na watu wasiohusika na ukusanyaji wa fedha, na sababu za kumtunuku mtu ziandikwe na kusomwa hadharani zikitaja alilofanya kwa jamii. Kama sababu pekee inayopatikana ni kiasi cha hundi, basi mpeni kigoda, mpeni ukumbi, mpeni chakula cha jioni.

Kuna vitu visivyotolewa kwa mfadhili kwa bei yoyote. Nafasi ya masomo kwa mtoto wake asiyefuzu, alama, tenda ya ujenzi, jibu la utafiti. Hayo yatamkwe mapema, kwa adabu, na mkuu wa chuo mwenyewe.

Barua ya mwanafunzi

Ukiwauliza wanaoshughulikia basari ni kitu gani wafadhili hukihifadhi, watakuambia ni barua. Chuo kizuri humsaidia mwanafunzi kuiandika, lakini hakimwandikii.

Barua mbaya ni rahisi kuitambua. Huanza kwa salamu ndefu, ikafuata sala ya mistari sita, kisha umaskini wa nyumbani umeelezwa kwa kirefu, na mwisho mwanafunzi anaahidi hatasahau. Mfadhili haoni mtu humo. Barua nzuri ina vitu vitatu au vinne vinavyoshikika. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme kutoka Kariobangi North anaweza kuandika kwamba muhula uliopita alikuwa akichelewa maabara kwa kukosa nauli, akawa anatembea hadi Pangani, na kwamba sasa anafika kabla ya mlango kufunguliwa. Anaweza kueleza kosa alilofanya kwenye saketi yake ya kwanza na jinsi alivyolirekebisha. Anaweza kusema mama yake anauza mboga na amemwomba amsalimie Mzee. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono au kwa kompyuta, kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma bila shida. Kama mfadhili alikulia Eastlands, Kiswahili kitamfikia ndani zaidi kuliko Kiingereza cha fomu.

Mwanafunzi asipangiwe kulia. Asipigwe picha mbele ya nyumba yao akionyesha mabati yaliyotoboka. Heshima ya mfadhili isijengwe kwa kumvua mwanafunzi yake, na mfadhili wa kweli hatataka hivyo. Siku ya kukutana, wakalishwe meza moja, wale pamoja, wazungumze. Anayetoa aitwe kwa jina lake la heshima, Mzee, Mama, Daktari, Sheikh, na mwanafunzi naye atajwe kwa jina lake kamili pamoja na kozi anayosomea. Akiitwa tu "mmoja wa wanufaika", ametoweka.

Fedha zina historia

Kamati haiwezi kukwepa kuuliza fedha zimetoka wapi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani kiliondoa jina la familia ya Sackler kwenye majengo na programu zake za udaktari, kwa sababu familia hiyo ilikuwa ikimiliki kampuni iliyotengeneza OxyContin, dawa ya maumivu iliyohusishwa na uraibu ulioua watu wengi. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Cape Town ilijengwa kwenye ardhi iliyoachwa na Cecil Rhodes. Wanafunzi walidai sanamu yake iondoke, na ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Chuo Kikuu cha Ghana, jijini Accra, kilipokea sanamu ya Gandhi kutoka serikali ya India Juni 2016. Wahadhiri wakapinga kwa sababu ya maandiko yake ya ujanani kuhusu Waafrika, na Desemba 2018 ikaondolewa. Mtu yuleyule ambaye jina lake liko Nairobi tangu miaka ya 1950! Tofauti kubwa ni kwamba Nairobi jina lilifika pamoja na michango ya watu waliokuwa wakiishi hapa na kujenga hapa, na lilijadiliwa kabla. Accra sanamu ilifika kama zawadi ya serikali kwa serikali, na wahadhiri wakaikuta imeshasimama.

Kwa hiyo waulize wenyeji wa chuo mapema. Wanafunzi na wafanyakazi wapewe wiki chache kusema neno kuhusu jina kubwa linalopendekezwa. Atakayekasirika ni heri akasirike kabla ya sherehe.

Swali lingine ni nani aliyefungiwa nje ya zawadi. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, ikiwa imejengwa na Lady McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan. Ina sheria yake maalumu inayoilinda. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ya Wazungu peke yao. Milango haikufunguliwa kwa Waafrika hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Matawi yake yako Eastlands, huko Kaloleni na Makadara, na vijana wa mitaa ya jirani husoma humo. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati matawi hayo kwa kushirikiana na serikali ya kaunti. Jina la McMillan halikufutwa. Kilichoongezwa ni historia nzima, pamoja na sehemu isiyopendeza, na msomaji wa Kaloleni anaweza kuijua yote akiwa amekaa kwenye kiti cha maktaba hiyohiyo. Hiyo ndiyo njia ambayo vyuo vyetu vingeifuata pale jina la zamani linapoleta maswali: lifafanuliwe kabla ya kung'olewa.

Mfadhili akifariki

Zanzibar, eneo la Chukwani, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1998 na shirika la misaada la Kuwait kwa ajili ya kuwafunza walimu. Daktari Abdulrahman Al-Sumait, aliyeliongoza shirika hilo na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake barani Afrika, alifariki Agosti 2013. Chuo kikapewa jina lake, na leo Wazanzibari hukiita SUMAIT tu. Hii ni heshima ya mwisho katika ngazi, jina la chuo kizima. Ilitolewa baada ya kazi ya miaka kuonekana, na baada ya mwenyewe kutokuwepo kuiomba.

Si kila anayestahili alitoa fedha. Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, aliunga mkono Chuo cha Makerere kupata ardhi ya kupanuka wakati ambapo wengi walipinga. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi kwenye kanisa kuu la Namirembe akafa. Bweni la Makerere lililokuwa likiitwa Northcote, jina la Mwingereza, lilikuja kupewa jina lake miongo kadhaa baadaye. Miongo kadhaa ni mingi mno. Wajane na watoto huzeeka wakingoja.

Chuo kikipata habari ya msiba wa mfadhili, mtu mwenye cheo aende matangani, si dereva na shada la maua. Rambirambi itaje mchango wake kwa usahihi: wanafunzi wangapi, mwaka gani hadi mwaka gani, kozi zipi. Hapo daftari la mwanzo linafaa. Kwa Mwislamu, wanafunzi waliofadhiliwa waalikwe kwenye hitima. Kwa Mkristo, kwenye ibada. Kila mwaka, tarehe ya kutoa basari yenye jina lake, familia ialikwe na kukalishwa mbele, hata kama waliobaki ni wajukuu wasiojua chuo kiko wapi. Watumiwe nauli ikihitajika.

Karatasi ya fundi

Turudi Light Industries. Unapokwenda kuagiza bamba, maandishi yaanze na jina la mtoaji au watoaji, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote. Mstari wa pili useme walichotoa: maktaba hii, maabara hii, basari za wanafunzi kumi. Wa tatu useme kwa nini, kwa maneno yao wenyewe kama wamekubali. Kisha mwaka. Aliyefungua jengo, awe waziri au gavana, atajwe chini kwa herufi ndogo; fedha za umma zikihusika, tajeni walipa kodi wa Kenya kabla yake. Tumieni Kiswahili, au Kiswahili juu na Kiingereza chini. Acheni nafasi tupu upande wa kulia, kwa sababu mfadhili wa pili hujitokeza mara nyingi baada ya wa kwanza.

Maandishi yakikamilika, yapigwe chapa kwenye karatasi ya ukubwa uleule wa bamba na kubandikwa ukutani kwa siku moja, uone kama yanasomeka kutoka hatua tatu. Halafu mpigie mfadhili simu, au mwanawe mkubwa kama yeye hayupo tena, na umsomee jina herufi kwa herufi. Subiri aseme ndiyo. Baada ya hapo mpelekee fundi.